Kufuru ya Mafinga

Soweto, Mbeya
Jumatatu

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Yotamu Kalinga, Ifunda.

Shikamoo baba. Kamwene.

Nategemea barua hii inakukuta goti lako limekubali kukunjwa na umeweza kwenda mwenyewe kuangalia maharage. Nasikia baridi ya huko mwezi huu imeshika kweli, hata maji ya mtungini yanauma meno. Vaa lile koti zito la marehemu babu, usilionee aibu kwa viraka vyake. Yule ng'ombe ameshazaa? Shangazi Sifaeli bado anakupikia, au mmegombana tena juu ya chumvi? Mwambie namsalimia sana, na ile dawa ya kikohozi aliyonipa ilimsaidia mtoto.

Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako Asukile. Baba, hilo neno "wazima" kila mtu analiandika bila kuliangalia, hata mimi nimeliandika miaka yote. Leo naomba ulisome mara mbili. Tu wazima, tunapumua. Asukile anaota meno na hajaniacha nilale vizuri tangu wiki iliyopita, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka kama barabara ya Kitonga usidhani naumwa. Nimechoka tu. Naandika nimekaa kwenye genge langu la nyanya, mtoto amelala kwenye boksi la vitunguu, na kila mteja akija naweka kalamu chini.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu unayo. Nitakuambia bila kukuficha. Kwenye simu utanikatiza, kama ulivyomkatiza Isaka. Barua haikatizwi. Vaa miwani, kaa chini, usome mpaka mwisho ndipo useme.

Jumapili hii inayokuja umepanga mambo mawili pale kanisani. Mume wangu Lutengano arudi kundini mbele ya usharika, na ibada hiyo hiyo Asukile abatizwe. Umeniagiza nije mapema, nivae vizuri, nisimame kulia kwa mume wangu mchungaji anapomwombea. Na wewe, mzee wa kanisa, ndiye utakayemshika mkono kumpeleka mbele. Baba, mimi sitasimama kulia kwake wala kushoto kwake. Na wewe nakuomba, kabla hujautoa mkono wako, ujue kwanza unakwenda kumshikia nini.

Nianzie pale ulipoanzia wewe, kwenye mashine ya kusaga. Siku ile Isaka, huyu kijana wa jirani anayepasua mbao Mafinga, alikuwa amekuja nyumbani kuwasalimia wazazi wake. Akakukuta kwenye foleni na debe lako la mahindi. Akakuamkia, akakuvuta pembeni, akakuambia kwamba mkweo amefanya kufuru kule Mafinga, na yeye ameiona kwa macho yake. Alikuwa anafungua mdomo aendelee, wewe ukainua mkono. Ukamwambia anyamaze hapo hapo, kwamba maneno ya kufuru hayarudiwi, na anayeyarudia anakuwa ameyasema yeye. Isaka akafunga mdomo. Amenieleza mwenyewe, baba. Alidhani habari umeshazipata na hutaki kutoneshwa kidonda. Akakuheshimu, akaondoka.

Mchana ule ule ukanipigia. Sauti yako ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyeko msibani. Ukasema, Juliana mwanangu, mume wako amemkufuru Mungu. Nikakuuliza amesema nini. Ukasema hukuyaruhusu masikio yako.

Sikukushangaa, maana nakujua. Wewe ndiye uliyenitoa kwenye chakula siku ile panya alipopita juu ya mguu wangu nikapiga kelele "Mungu wangu!" Ulisema panya si sababu ya kumwita Mungu. Mama alicheka mpaka akajificha jikoni, halafu akaniletea ugali wangu nje, kwa siri. Kwako wewe Kiswahili ni kile cha kanisani. Kihehe tunaongea nyumbani, Kiswahili kinavaliwa Jumapili pamoja na viatu. Na mimi umenilea hivyo hivyo. Kwa hiyo uliposema kufuru, na mimi nikasikia ile unayoijua wewe.

Sasa ngoja nikueleze Lutengano alikuwaje siku hizo. Unajua kazi yake, kununua mchele Ubaruku na kuupeleka juu huko, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa mjini. Msimu ukianza simwoni. Tangu Asukile azaliwe akawa haonekani zaidi, na akija anakuja na mkono wa birika. Mke wa muuza mchele mimi, nakula chenga. Nilipotaka tuchinje jogoo mtoto alipotimiza arobaini, tuwaite majirani wawili watatu, akanisema mpaka nikajiona mbaya. Akasema hiyo ni anasa, wenzetu hawana hata chumvi, na mtu anayejipangia maisha hali ovyo. Nikamwona mwanaume mwenye akili. Nilijisifia hata kwako, unakumbuka? Nilisema baba, nimepata mtu anayejua kubana.

Basi baada ya Pasaka akakaa kimya, simu hazipatikani, akasema huko shambani mtandao hakuna. Halafu siku moja akatokea mlangoni na kiroba cha chenga na zawadi. Mimi zawadi! Kitenge cha bluu chenye ndege weupe, kizito, kipya, ukikikunjua kinalia. Akasema amekiona Ubaruku akanikumbuka. Nilikaa na kitenge kile mapajani nikakipapasa kama mtoto mwingine. Nikaanza kumbebea Asukile. Barabarani watu wananiuliza nimekinunua wapi, nasema kwa madaha, mume wangu ameniletea.

Haikupita wiki ndipo ukanipigia habari ya kufuru.

Nilimuuliza akiwa anakunywa uji. Nilianza kwa kusema baba amekutana na Isaka, yule anayefanya kazi Mafinga. Kijiko kikasimama katikati ya bakuli na mdomo. Uso ukabadilika, baba, ukawa kama majivu. Nikaendelea, nikasema baba anasema umemkufuru Mungu. Akaniuliza polepole sana, kufuru gani? Nikamwambia sijui, hayo maneno uliyoyasema, matusi uliyomtukana Mungu, baba hakutaka hata kuyasikia.

Hapo akashusha pumzi. Pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Akaweka bakuli chini, akafunika uso kwa mikono yake, machozi yakamtoka. Akasema ndiyo, Mama Asu, nilikufuru. Akanieleza gari lilivyozama kwenye matope, mchele wa watu ukaloa, na yeye akasimama mbele ya makuli akamlaani aliyeileta mvua. Nilimsogelea nikamshika kichwa. Nikamfuta machozi kwa kitenge kile kile.

Ile pumzi niliiita toba. Nimeifikiria siku nyingi sasa. Ilikuwa nafuu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Alikuja kwako Ifunda na sukari na mafuta, na kipande cha kitenge kile kile cha ndege ili nawe ushone shati. Akapiga magoti kwenye ule udongo wa jikoni kwetu. Ulinisimulia kwenye simu, sauti inakukatika, ukasema hujawahi kuona kijana anakiri kosa haraka hivyo, hakujitetea, hakumsingizia mtu. Ukasema mbinguni leo kuna shangwe. Shangazi Sifaeli alilia. Fundi akakushonea shati, ukaniambia limekukaa mabegani vizuri na utalivaa Jumapili ya kurudi kwake, ili usharika uone mkwe na mkwewe ni kitu kimoja.

Na mimi huku nikafunga. Kila Ijumaa nilifunga kwa ajili yake, huku nanyonyesha, mpaka kuna siku kizunguzungu kilinikalisha chini pale bombani na ndoo ikamwagika. Sikukuambia wakati ule, ungenikataza. Namwambia Mungu, amesamehe wengi, amsamehe na huyu, alikuwa amechoka, gari lilizama.

Gari halikuzama, baba.

Hapa mtaani amehamia dada mmoja anaitwa Tumpe, mwenyeji wa Tukuyu, anasuka nywele kibarazani kwake. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, na kwa vile ni mgeni, alikuwa hajawahi kumwona Lutengano hata kwa sura. Jumatano iliyopita nikapita kwake na mtoto mgongoni kuazima kisu. Akanitazama, akapiga kofi. Akasema, "Mama Asu wewe! Kumbe na wewe ulikuwepo kwenye ile harusi ya kufuru, unanyamaza tu kama siyo wewe!"

Nikashtuka. Nikamuuliza ni nani aliyefunga harusi kwa kufuru, na kanisa gani limekubali kumfungisha mtu anayemtukana Mungu. Tumpe akacheka mpaka kitana kikamdondoka. Yule aliyekuwa anasukwa naye akacheka, na kichwa nusu kimefumuka. Tumpe akasema, shoga yangu, kwenu Iringa mnakaa ndani ya Biblia? Akanieleza kwamba kufuru ya kanisani ni ya mdomo, ya mjini ni ya mfuko. Mtu akimwaga mali mpaka wanaotazama wanaogopa, kana kwamba anamwonyesha Mungu kwamba na yeye anaweza kutoa, watu wanasema huyo amefanya kufuru. Nyumba ya kufuru, gari la kufuru, harusi ya kufuru. Wala si tusi, akasema, mwenyewe akisikia anafurahi.

Nikasema sawa, leo nimejifunza, lakini mimi naingiaje humo? Akaninyooshea kidole kitenge changu. Akasema hiyo si ndiyo sare? Akafungua simu yake kunionyesha, maana video hiyo imezunguka kwa watu wote.

Baba, nimeona kufuru. Ukumbi umefunikwa vitambaa mpaka mbao hazionekani, na Mafinga hakuna kisichokuwa cha mbao. Bi harusi ni binti wa mzee mmoja mwenye maroli, basi maroli yenyewe yalioshwa yakang'aa, yakafungwa maputo, yakaja kwa msururu yanapiga honi badala ya ngoma. Keki ilikuwa na umbo la roli la mbao, magogo yake ya chokoleti, matairi yake meusi, imebebwa na wanaume. Watu walinawa mikono kwa soda. Wali ulirundikwa kwenye sinia kama kichuguu, mchele mzima, mrefu, mweupe, wa Ubaruku, hakuna hata punje iliyokatika. Kilichobaki nikaona kinamwagiwa kuku nje. Nikakumbuka chenga zangu zilizokuwa jikoni zinasubiri kupembuliwa mawe. Na upande mmoja wa ukumbi wote, wanawake kwa wanaume, walivaa bluu yenye ndege weupe.

Halafu bwana harusi akageuka, suti nyeupe, miwani myeusi. Mimi nilikuwa bado nasema moyoni mwangu kwamba watu hufanana. Asukile alikuwa amechungulia juu ya bega langu. Akanyoosha mkono akakigusa kioo cha simu, akasema, "Ba-ba," akacheka na vijino vyake viwili.

Tumpe akaizima simu, akamfukuza mteja wake na kichwa chake cha nusu. Akanishika mkono akasema kwa sauti ndogo, ndaga dada, pole, nisamehe, sikujua.

Sikulia, baba. Nilirudi nikapika, nikamwogesha mtoto. Kesho yake nikamwachia Tumpe genge, nikapanda basi la Iringa, nikashuka Mafinga. Nilimpigia Isaka, akaja stendi na vumbi la mbao nyusini. Ndiye aliyenieleza ya pale mashineni. Sikumlaumu, na wewe nakuomba usimlaumu. Akanipeleka mpaka karibu na nyumba, akaniuliza kama nataka aingie na mimi. Nikasema hapana, nisubiri.

Unajua nilichokuwa nimevaa. Mtoto nilimfunga kwa kitenge kile. Sikufanya kwa hila, ndicho kinachomshika vizuri.

Getini alikuwepo binti anamwagia maua maji. Mdogo, baba, mdogo kuliko mimi, ameshika mpira wa maji kama mtu ambaye hajazoea nyumba yake. Anaitwa Jackline. Alipoona kitenge, uso ukamfunguka wote. Akasema karibu dada, karibu sana, wewe ni wa upande wa bwana harusi? Nikamwambia ndiyo, mimi ni wa upande wa bwana harusi.

Akanikalisha kwenye kochi ambalo nailoni yake haijatolewa. Akasema mwenzake amekwenda Ubaruku. Akaniletea soda, akamletea Asukile kipande cha keki kutoka kwenye friza. Kilikuwa tairi. Mjukuu wako akala tairi la harusi ya baba yake huku ananitazama. Jackline akaanza kuniambia jinsi vitu vilivyobaki, kwamba baba yake alitaka watu waseme mpaka wachoke, na watu wamesema. Akafungua mlango wa stoo nione. Ndani yake, baba, kulikuwa na majora ya kitenge kile yamesimama ukutani, hata hayajafunguliwa. Walinunua mpaka vikakosa wa kuvivaa.

Hapo ndipo nilipojua kitenge changu kilitoka wapi. Na shati lako.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga toka Makambako. Lakini akanimiminia soda kwa mikono miwili kama unavyomhudumia mkubwa, akaniuliza kwa adabu mimi ni nani wa mume wake. Nikasema, mimi ni mama wa mtoto wake.

Hakukasirika. Akaweka chupa chini, akanitazama kwa huruma kama unavyomtazama mtu ambaye akili imemwondoka. Akasema polepole, dada pole, labda hukupata habari. Mama wa mtoto wake alifariki. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Lutengano amepitia mengi. Hata ukumbini tuliwasimamia.

Nikamuuliza, mliwasimamia vipi?

Akanionyesha kwenye simu yake, kipande ambacho Tumpe hakuwa nacho. Muziki umezimwa. Mshereheshaji anasema kabla ya kukata keki, ndugu zangu, tusimame wote kwa dakika moja tumkumbuke marehemu Juliana na kichanga chake. Na ukumbi mzima ukasimama, baba. Bluu yote ile ikasimama. Wazee wa kuazima aliowaleta waitwe baba zake wakasimama, wakavua kofia. Na Lutengano akainamisha kichwa, akafunika uso kwa mikono yake. Kwa namna ile ile aliyoufunika mbele yangu, siku ya uji.

Mara ya mwisho kuona watu wanasimama kimya hivyo ilikuwa pale shambani kwetu, tunamshusha mama. Wewe ulikuwa umenishika bega. Nilisikia mkono wako begani pale pale, kwenye lile kochi la nailoni.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, marehemu ndiye mimi. Na kichanga ndiye huyu, anaomba maji."

Alimtazama Asukile, usoni keki tupu. Alimtazama sana. Yeye anamjua Lutengano uso wake, na mtoto amemtoa mzima mzima, hata lile sikio la kukunjika. Jackline akakaa chini sakafuni, siyo kwenye kochi. Akauliza, "Basi mimi ni nani?" Nilimpa mkono. Tulikaa hivyo mpaka Asukile akasinzia, na aliyeamka kwenda kuleta maji ya mtoto alikuwa yeye.

Baba, nimerudi Mbeya na jambo moja ambalo nataka ulijue, kwa sababu nakufahamu, utaanza kujilaumu kwamba hukumsikiliza Isaka na kwamba Kiswahili kimekuacha. Isaka alisema neno moja. Wewe ulisikia lingine. Mume wangu akakiri la tatu, lisilokuwepo, na kwa hilo tukafunga kwa ajili yake na kumlilia. Lakini mimi nikikaa nikafikiri, naona wewe ndiye uliyekuwa sahihi kuliko sote. Mungu amempa mtu mke na mtoto, wanapumua, wanamngoja, wanakula chenga. Naye anasimama mbele ya watu anawaita maiti ili ale keki. Kama hiyo si kufuru ile unayoijua wewe, ile ya kwenye Biblia yako, basi neno hilo halina kazi. Ulisikia vibaya, baba, ukaelewa vizuri.

Inayoniuma zaidi si harusi. Wanaume wameoa tangu zamani, na mimi si wa kwanza. Kinachoniuma ni kwamba alipoona tumekosea neno, sisi watu wa Kiswahili cha Jumapili, aliingia ndani ya kosa letu akalifunga mlango kama nyumba yake. Alitumia uchaji wako kujifunika. Magoti yale aliyokupigia hayakuwa yako wala ya Mungu, na mimi mimba yake nimeibeba, uchungu wake nimeuona, na kumbe kwake nilishazikwa.

Sasa nakuomba mambo, na nayaomba kama mwanao, lakini sitayabadilisha.

Ubatizo wa Asukile uwepo. Yeye hana kosa. Nitakuja Jumamosi na mtoto, nitamvika ile shali nyeupe aliyoifuma mama. Tusialike watu, tusichinje. Maji ya bakuli yanatosha.

Kwa Lutengano sirudi. Nimeshamwambia mwenye nyumba chumba sasa ni cha jina langu, na genge linanitosha na mwanangu. Ukinitaka nirudi Ifunda nitakuja kukusaidia kulima, ila siyo kuja kushawishiwa.

Yeye hajui kwamba najua. Jackline naye hajamwambia. Anakuja moja kwa moja kutoka Ubaruku asubuhi ya Jumapili, na suti nyeupe nadhani ndiyo atakayoivaa. Sitaki aaibishwe mbele ya usharika. Kumwanika mtu mbele ya watoto na wajane ni kumwaga kupita kiasi vile vile, na sisi si watu wa kumwaga. Mwite pale ofisini kwa mchungaji kabla ya kengele ya kwanza. Mimi nitakuwepo, na Jackline amesema atakuja, tutakaa benchi moja. Usimwambie umesoma nini. Muulize swali moja tu: mwanangu, ulikufuru nini?

Na safari hii, baba, usimkatize.

Basi, nisikuchoshe, mtoto ameamka na ameanza kula maganda ya vitunguu. Wasalimie wote wanaoniulizia, hasa shangazi Sifaeli, na umsomee hii barua yote, usiruke mahali kwa kumwonea huruma. Mpe Mama Isaka salamu zangu, mwambie amezaa mtoto mwenye adabu. Ukipita pale alipolala mama, mwondolee majani, mwambie bado sijamfuata.

Lile shati usilivae. Kitenge changu mimi nimekikatakata nepi, kinanyonya vizuri kuliko nilivyodhani. Lako ukiona uchungu kulitupa, lifunge uniwekee. Mjukuu wako bado anazihitaji.

Mimi mwanao, mzima,

Juliana